Chevening, DAAD, Erasmus Mundus au Commonwealth: uanze na ipi ukiwa Kigoma au Tabora

Kuanzia Agosti kila mwaka, magrupu ya WhatsApp ya wahitimu hujaa viungo vya skolashipu za masta. Mtu anafungua sita kwa mpigo, anaanza kujaza zote, na Novemba inamkuta hajamaliza hata moja inavyotakiwa. Wengi huchagua kwa kuuliza ipi inalipa zaidi. Tunashauri uanze na swali jingine: ipi itakufungia mlango ukichelewa? Kuna skolashipu zenye ukomo wa miaka tangu uhitimu, na kuna zile zitakazokupokea hata ukiwa na miaka arobaini na mitano. Ukizipanga kwa ukomo wake, unabaki na nafasi nyingi kuliko ukizipanga kwa ukubwa wa posho.

Hapa tunalinganisha nne ambazo Mtanzania anaweza kuomba moja kwa moja na zinazolipa ada yote: Chevening ya serikali ya Uingereza, mpango wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma) uitwao EPOS, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, na Commonwealth Shared, ambayo nayo ni ya Uingereza ila masharti yake ni tofauti kabisa na ya Chevening. Nyingine tutazigusa kwa kifupi.

Miaka tangu uhitimu

EPOS ni ufadhili wa masomo ya uzamili yanayohusu maendeleo. Ina masharti mawili yanayobana kama mkasi: shahada ya kwanza kwa kawaida isiwe na zaidi ya miaka sita tangu uipate, na uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili unaoendana na fani. Ukisoma haraka unaona dirisha la miaka minne. Kwa mhitimu wa huku dirisha hilo ni finyu zaidi. Chukua mwalimu wa sayansi aliyehitimu Novemba 2020, akakaa mtaani akisubiri ajira, akapangiwa Uvinza katikati ya 2023. Miaka yake miwili ya kazi imetimia katikati ya 2025, na miaka sita ya shahada inaisha Novemba 2026. Ana misimu miwili tu ya maombi. Akiutumia wa kwanza kuomba Chevening kwa sababu ndiyo yenye jina, amebakiwa na mmoja.

Kama ulijitolea kwenye shule, zahanati au shirika kabla ya ajira, omba barua ya kipindi hicho leo, kabla aliyekuwa mkuu wako hajahamishwa. Kila kozi ya EPOS hupima uzoefu kivyake, na barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kazi ulizofanya inaweza kukuongezea msimu mzima. Mazoezi ya vitendo ya chuoni, yale tuliyozoea kuyaita fildi, usiyategemee.

Chevening haina ukomo wa umri wala wa mwaka wa kuhitimu. Inachodai ni saa 2,800 za kazi. Wao huhesabu wiki moja kuwa saa 35 na mwaka kuwa wiki 40, yaani saa 1,400 kwa mwaka, hivyo mwenye ajira ya kudumu anazifikisha kwa miaka miwili. Kazi ya kujitolea na ya muda huhesabiwa. Aliyefanya saa 20 kwa wiki na shirika linalohudumia wakimbizi Kasulu anahitaji wiki 140, na anaweza kuunganisha vipindi vya waajiri mbalimbali. Fildi iliyokuwa sehemu ya lazima ya shahada haihesabiwi. Ili usijikwae, piga hesabu ya saa za baada ya kuhitimu tu. Kama hizo peke yake zinatosha, hakuna wa kukuhoji.

Erasmus Mundus kwa kawaida haidai uzoefu wa kazi, na aliye mwaka wa mwisho wa shahada anaweza kuomba mradi awe na uthibitisho wa kuhitimu kabla ya kusajiliwa. Kwa mhitimu mpya asiye na ajira, hapa ndipo pa kuanzia. Commonwealth Shared nayo haina idadi ya miaka ya kazi, ila inataka ueleze kwamba bila ufadhili usingeweza kusoma Uingereza, na uwe hujawahi kusoma au kufanya kazi kwa mwaka mzima wa masomo au zaidi kwenye nchi tajiri. Wengi wa Kaliua, Urambo, Kibondo na Kakonko wanatimiza sharti hilo bila hata kulifikiria.

Kwa hiyo mpangilio wetu kwa mtumishi mwenye miaka miwili kazini na shahada isiyofika miaka sita ni huu: DAAD kwanza, Chevening iwe ya pili au isubiri mwaka ujao. Itakuwepo.

GPA, na shahada ya miaka mitatu

Kwa mizani ya vyuo vyetu ya alama 5, daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, na la pili la chini 2.7 hadi 3.4. Mpaka unaoumiza watu ni 3.5. Commonwealth Shared inasema wazi: daraja la pili la juu, au la pili la chini ukiwa na sifa nyingine ya uzamili inayohusiana na kozi. Chevening yenyewe inataka shahada itakayokuingiza kwenye masta ya Uingereza, na vyuo vingi vya kule huanzia hapo hapo pa daraja la pili la juu. Mwenye 3.3 asikate tamaa, ila achague kozi tatu za kutaja kwenye fomu ya Chevening kwa kusoma masharti ya Tanzania kwenye ukurasa wa kila kozi. Chuo kimoja kinaweza kukubali 3.2 wakati kingine kwa kozi ileile kinadai 4.0.

Kwa DAAD kuna kitu wengi hukigundua wakiwa wameshatuma. Maelezo yao yanazungumzia shahada ambayo kwa kawaida ni ya miaka minne, ilhali shahada zetu nyingi, za ualimu, biashara na sayansi ya jamii, ni za miaka mitatu. Kozi nyingine hulegeza, nyingine hazilegezi. Kabla hujaandika mstari mmoja wa barua, mtumie mratibu wa kozi baruapepe ya sentensi tatu: shahada yako, chuo, na idadi ya miaka, kisha uliza kama unastahili kuomba. Wengi hujibu. Jibu la "hapana" mwezi Julai linakuokolea miezi miwili ya kazi.

Mwenye shahada ya kilimo, misitu au uvuvi ana sababu ya ziada ya kuitazama EPOS. Kwenye orodha zake zimewahi kuwemo kozi ya Bonn ya kilimo na rasilimali za ukanda wa tropiki, na ya Bremen ya ikolojia ya maji ya tropiki. Mtu anayefanya kazi na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, au na wakulima wanaokata miombo ya Tabora ili kukaushia tumbaku, anafika na tatizo halisi ambalo kozi hizo zimeundwa kulishughulikia. Orodha hubadilika kila mwaka, kwa hiyo pakua ya msimu wako. Usitumie iliyozunguka kwenye grupu mwaka jana.

Pesa, na nani anakata tiketi

Kwa ukubwa wa posho Erasmus Mundus inaonekana kinara: euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, jumla euro 33,600, na ada huilipi. DAAD kwa masta hutoa euro 992 kwa mwezi. Ukiishia hapo utachagua Erasmus na kufunga mjadala. Usiishie hapo.

Ile 1,400 ya Erasmus ndiyo hiyo hiyo ya tiketi, viza, kodi ya nyumba na kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine, maana masta hii husomwa katika nchi mbili au zaidi. Hakuna fungu la pembeni la ndege. Na mara nyingi malipo ya kwanza huja baada ya kufika na kufungua akaunti ya benki. Maana yake ni kwamba familia Nzega au Ujiji inatakiwa kupata nauli ya ndege, ada ya viza, amana ya chumba na chakula cha wiki za mwanzo kabla euro moja haijaingia. Kuna waliopata ofa na kuhangaika mno mwezi Agosti kwa jambo hili. Ukiomba Erasmus, anza kuweka akiba siku unayotuma maombi, au panga mapema na SACCOS yako. Ukishapata ofa, uliza kama wanaweza kutanguliza sehemu ya posho, baadhi hukubali.

DAAD huongezea bima ya afya, posho ya safari, na kozi ya lugha ya Kijerumani kabla ya masomo, ya kuanzia miezi miwili hadi sita. Posho ya safari hutolewa kwa mkupuo, na mara nyingi tiketi utainunua mwenyewe kwanza. Kwa mwenye familia, DAAD ndiyo pekee kati ya hizi nne yenye nyongeza ya maana kwa mwenza na watoto wanaofuatana na mwanafunzi, kwa masharti yake. Chevening haigharamii familia. Kwa upande wa mwombaji mwenyewe, Chevening ndiyo inayoumiza mfuko kidogo zaidi: inakata tiketi, inalipia viza, inatoa posho ya kufikia, na huchangia hata kipimo cha kifua kikuu ambacho Uingereza hukidai kwa Watanzania wanaokaa zaidi ya miezi sita. Kama huna mtu wa kukukopesha milioni kadhaa, hesabu hilo kuwa sehemu ya thamani ya Chevening.

Kuna pia deni la kurudi. Chevening inakutaka urudi na kukaa nyumbani si chini ya miaka miwili. Commonwealth nayo inakutaka urudi ukimaliza. Fulbright ya Marekani hubeba sharti la miaka miwili linaloandamana na viza yake ya J-1. Erasmus haina sharti hilo. Kwa mtumishi mwenye ruhusa ya mwajiri kurudi si tatizo; kwa anayetaka kuendelea moja kwa moja na udaktari wa falsafa Ulaya, hilo linabadilisha uamuzi.

Barua ya mwajiri

Hapa ndipo maombi mengi ya watumishi wa halmashauri hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

EPOS inataka barua ya mwajiri yenye kichwa cha taasisi, sahihi, mhuri, na tarehe ya karibuni, na inapendelea itaje kwamba utapokelewa tena kazini. Kinachotokea ni hiki: mwombaji anapeleka barua ya maombi masijala wiki ya mwisho, jalada linaenda kwa Afisa Utumishi, kutoka hapo kwa mkuu wa idara, linarudi, na mkurugenzi yuko Dodoma kwenye kikao. Barua inatoka siku mbili baada ya tarehe ya mwisho. Au inatoka mapema lakini imeandikwa kwa mtindo wetu wa kawaida, mistari mitatu ya Kiswahili ya "mtajwa hapo juu ni mtumishi wa halmashauri hii", haina kazi unazofanya, haina tarehe ya ajira. Kamati ya Ujerumani haiwezi kuitumia.

Peleka maombi ya barua wiki sita kabla. Ambatanisha rasimu ya Kiingereza ya nusu ukurasa: cheo, tarehe ya kuajiriwa, kazi tatu unazofanya kwa vitendo, namna masomo yatakavyosaidia halmashauri, na sentensi ya kurejea kazini. Afisa Utumishi ana majalada mia mezani; ukimrahisishia atakushukuru. Barua ikitoka, itazame kabla hujaondoka ofisini: jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, mhuri usifunike sahihi, mwaka uwe sahihi. Iskani kwa rangi. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haifai.

Aliye kwenye kipindi cha majaribio ajue kwamba kupata ruhusa ya masomo kabla ya kuthibitishwa kazini ni kugumu sana. Aliyethibitishwa ahakikishe jina lake limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, maana siku ya kuomba ruhusa ndilo swali la kwanza.

Chevening haikudai barua ya ruhusa ya mwajiri wakati wa kuomba. Inataka wadhamini wawili, na kwa kawaida barua zao huhitajika ukishaitwa kwenye usaili. Erasmus nyingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja kwenye baruapepe yake, na hapo hutokea balaa jingine: kiungo kinaangukia kwenye barua taka na mhadhiri hakioni. Mpigie simu siku hiyohiyo, mwombe atafute kule. Baadhi ya kozi za Erasmus pia huomba uthibitisho wa makazi; barua ya mtendaji wa kata au kijiji inafaa ikiwa na mhuri na tafsiri ya Kiingereza.

Majina kutofautiana ni ugonjwa mwingine. Cheti cha kidato cha nne kinasema majina mawili, cha chuo matatu, NIDA imebadilisha herufi moja. Tengeneza kiapo cha majina kwa wakili sasa, kabla hujaanza, na uombe pasipoti kwa jina utakalotumia kila mahali. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inaombwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Kigoma mjini au Tabora mjini, bila kwenda Dar es Salaam. Kwa Kigoma, kwa kuwa ni mkoa wa mpakani, jiandae kwa maswali ya uraia wa wazazi: beba cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, na ujipe miezi, si wiki.

Insha nne na barua moja ni kazi tofauti

Chevening inauliza maswali manne: uongozi, kujenga mahusiano na watu, kwa nini kozi hizo tatu Uingereza, na mpango wako wa kazi. Haikuombi uwe mkurugenzi. Inataka kuona ulivyobadilisha jambo bila kuamrishwa. Tuseme mwombaji ni afisa nyuki wa Sikonge. Akiandika "nina shauku kubwa ya uongozi na nimeongoza timu mbalimbali kwa mafanikio," hajasema kitu. Maelfu wameandika hivyo. Aandike hivi: "Wafugaji nyuki wa vijiji viwili walikuwa wakichanganya asali iliyoiva na isiyoiva kwenye ndoo moja, mnunuzi akaikataa yote kwa maji kuzidi. Sikuwa na mamlaka ya kuwaamuru. Niliomba kikundi kimoja kikubali kupima unyevu wa kila ndoo kwa msimu mmoja. Bei yao ilipopanda, wa kijiji cha pili wakaja wenyewe." Hapo msomaji ameona uamuzi, kizuizi na matokeo, na hajahitaji kuambiwa neno uongozi.

Kwa EPOS afisa huyohuyo aweke asali kando kidogo. Barua ya DAAD ni ya kurasa zisizozidi mbili na inasomwa na watu wa kozi. Wanataka kujua ni tatizo gani la kitaalamu unalokutana nalo, ni masomo gani ya kozi yao yatakayolitatua (yataje kwa majina), na utarudi kwenye dawati gani. Inaambatana na CV ya mtindo wa Europass (kiolezo cha CV cha Umoja wa Ulaya) iliyotiwa sahihi kwa mkono. Unaweza kuomba hadi kozi tatu, lakini barua ni moja: ieleze kwa nini umechagua kozi hizo na utaje kipaumbele.

Erasmus inaongeza swali moja: kwa nini njia hiyo ya nchi kwa nchi? Kama kozi inaanzia Ubelgiji na kumalizikia Ureno, eleza kila kituo kinakupa nini. Commonwealth Shared inataka uonyeshe athari kwa maendeleo ya Tanzania kupitia moja ya mada zao sita, na ukumbuke ni maombi mawili: moja kwa chuo, jingine kwenye mfumo wa tume yao. Aliyejaza moja akasahau jingine hajaomba.

Kuna watu mjini wanaouza huduma ya kujaza fomu na kuandika insha. Waepuke. Humuandikia kila mteja hadithi ileile, na insha huchunguzwa kwa kufanana. Na mtu yeyote akikudai ada ya kuomba Chevening, DAAD, Erasmus au Commonwealth, huyo ni tapeli, kuomba hakulipiwi. Kinachoweza kulipiwa ni ada ya maombi ya baadhi ya vyuo vya Uingereza, na hiyo hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe.

Kiingereza na safari ya Dar

IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, kwa kawaida hufanyika Dar es Salaam, na cheti hudumu miaka 2. Kutoka Kigoma ni takriban kilomita 1,250 za reli, kutoka Tabora takriban 840. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, kwa hiyo mtu wa Tabora anaweza kupanda basi hadi Dodoma na kumalizia kwa reli. Nauli, malazi na ada ya mtihani ni fedha nyingi, basi safari moja ibebe mambo yote: mtihani, transkripti kama chuo chako kiko huko, na kuthibitisha nakala.

Kabla ya kulipa, angalia kama unahitaji. Chevening yenyewe haikudai cheti cha Kiingereza wakati wa kuomba. Chuo ndicho kinachokidai ili kikupe udahili. Baadhi ya vyuo vya Uingereza, na baadhi ya kozi za DAAD na Erasmus, hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Nyingine hazikubali. Kwa Erasmus cheti hudaiwa mara nyingi siku ya kutuma maombi, hivyo kama hiyo ndiyo yako, mtihani ufanyike kabla ya Desemba.

Kusubiri

Majibu hayaji pamoja, na hilo lina maana kwenye uchaguzi. Maombi ya EPOS kwa kozi nyingi hufungwa kati ya Agosti na Oktoba. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kutegemea mwaka. Commonwealth Shared huishia Desemba. Erasmus nyingi huishia kati ya Desemba na Januari. Kisha majibu: Erasmus nyingi huzungumza kati ya Februari na Aprili. DAAD huchujwa mara mbili, kozi inakupendekeza kisha DAAD inathibitisha, kwa hiyo barua ya kozi peke yake bado si pesa. Chevening huita usaili kuanzia Februari, hutoa majibu kuanzia Juni, na hukutaka uwe na udahili usio na masharti ifikapo Julai. Commonwealth Shared inaweza kukuweka hadi Julai.

Matokeo yake, ofa ya Erasmus inaweza kufika ukiwa umetoka tu kwenye usaili wa Chevening, na Erasmus wanataka jibu kwa siku chache. Ushauri wetu hauna kona: shika iliyopo mkononi. Usaili si ofa. Kama unajua toka moyoni kwamba ungeikataa Erasmus kwa ajili ya Chevening, basi usiiombe mwaka huo.

Erasmus wana orodha tatu: waliochaguliwa, wa akiba, na waliokosa. Wa akiba huitwa kweli, wakati mwingine Juni, mtu wa juu akijitoa. Ukiwekwa akiba, waandikie mara moja kuthibitisha kwamba bado unataka, kisha endelea na mengine. Kuandika kila wiki hakukupandishi nafasi.

Ukiomba Chevening usikae ukisubiri Februari ndipo uombe vyuo. Tuma maombi ya udahili kwa kozi zote tatu mara tu baada ya kufunga fomu. Aliyechaguliwa Juni bila udahili hupoteza skolashipu Julai, na wapo.

Kama usaili ni wa mtandaoni, usiufanyie nyumbani kwa kutegemea umeme na bando moja. Tafuta ofisi au hoteli yenye jenereta, uwe na laini mbili za mitandao tofauti kwenye simu mbili, na ujaribu kifaa siku iliyotangulia saa ileile. Pitia insha zako kabla. Maswali hutoka humo, na aliyeandikiwa na mtu hujulikana ndani ya dakika tano.

Kwa ambao hakuna kati ya hizi inayowatosha

Mwajiri akikunyima ruhusa, au huwezi kuacha watoto, tazama Commonwealth ya masomo ya mbali: unasoma masta ya chuo cha Uingereza ukiwa Nguruka au Igunga, kazi ikiendelea. Tunaona inapuuzwa kuliko inavyostahili. Türkiye Bursları hufunguliwa Januari hadi Februari, na kwa masta inataka uwe chini ya miaka 30, pamoja na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. MEXT ya Japani kwa njia ya ubalozi inamtaka mwombaji wa utafiti awe chini ya miaka 35, ina mtihani wa kuandika, na inafaa mtu mwenye wazo la utafiti lililokomaa. Hizo nazo zina ukomo wa umri, kwa hiyo kanuni ya kuanza na inayofunga mlango mapema inazihusu.

Ukipata ofa ya Ujerumani, weka miadi ya viza ubalozini wiki hiyohiyo. Ukipata ya Erasmus, angalia nchi ya kwanza ina ubalozi Dar es Salaam au itakubidi kwenda Nairobi, na uongeze nauli hiyo kwenye hesabu. Ukipata ya Uingereza, kipimo cha kifua kikuu kisifanyike mapema mno: cheti chake hudumu miezi 6 tu, na aliyepima Februari kwa ajili ya viza ya Septemba atapanda tena basi kwenda Dar es Salaam kupima upya.